Kiwanda cha reli cha Pueblo na sola ya megawati 300: usiku anabeba nani?

Kila yakianza mazungumzo ya umeme wa jua kwa viwanda vikubwa lazima atokee mtu wa kutaja Pueblo, mji ulioko kusini mwa jimbo la Colorado kule Marekani, kwamba kuna kiwanda cha chuma kinayeyusha vyuma kwa jua. Na kweli picha zake zinavutia, paneli zaidi ya laki saba na nusu zimetandazwa kwenye tambarare kavu na kwa nyuma unaona kiwanda cha tangu karne ya 19. Shida ni kwamba watu wanakisimulia kisa hiki upande wa paneli tu wakati utamu wote uko kwenye mkataba. Paneli mwenye hela ananunua, zinaletwa na kontena, mafundi wanafunga. Mkataba wa pale ndo watu walikaa mezani miaka.

Tuanze na mteja, maana bila kumwelewa mteja huwezi kuelewa kwa nini ilibidi iwe hivi.

Kiwanda chenyewe ni cha zamani, historia yake inaanzia 1881, na kwa miaka mingi kilijulikana kama CF&I, yaani Colorado Fuel and Iron, kampuni ileile iliyokuwa mikononi mwa akina Rockefeller wakati wa mauaji ya wachimba makaa ya mawe waliogoma pale Ludlow mwaka 1914. Kilikuwa kiwanda kamili, kinachukua mawe ya chuma na makaa na kutoa reli upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 soko la chuma la Marekani likaanguka, matanuru ya makaa yakazimwa, watu kwa maelfu wakarudi nyumbani, 1990 kampuni ikafilisika, 1993 ikachukuliwa na Oregon Steel, na 2007 Oregon Steel nayo ikanunuliwa na EVRAZ, kampuni yenye asili ya Urusi ambayo mwanahisa wake mkubwa alikuwa Roman Abramovich (ndiyo, huyo wa Chelsea). Kilichobaki Pueblo ni kiwanda kidogo kuliko cha zamani, kina wafanyakazi elfu moja hivi, kinayeyusha vyuma chakavu kwa tanuru la umeme na bidhaa yake kubwa ni reli za treni.

Sasa hilo tanuru la umeme ndo kiini cha habari. Unamwaga vyuma chakavu ndani, mabodi ya magari, mabati, mabaki ya mashine, halafu vinashushwa vijiti vitatu vinene vya grafaiti, umeme unaruka kati ya kijiti na chuma kama radi iliyofungiwa ndani ya sufuria na chuma kinafika nyuzi joto 1,600 hivi. Kuyeyusha tani moja kwa njia hii kunakula kama kilowati-saa 400, yaani uniti 400. Nyumba ya kawaida Tanzania iliyo kwenye ile tarifu yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi ingekaa nazo zaidi ya miezi mitano, na hapo ni tani moja, wakati tanuru la aina hii mzunguko mmoja wa saa moja hivi unaweza kutoa tani mia na zaidi. Kwa hiyo usishangae kusikia kwamba kiwanda hiki ndo mteja mkubwa kuliko wote wa Xcel Energy katika Colorado, na Xcel ndo kampuni kubwa ya umeme ya jimbo hilo.

Mtu wa namna hii bei ya umeme kwake siyo bili ya mwisho wa mwezi tu, ni malighafi, inakaa meza moja na bei ya chuma chakavu. Ukipandisha senti moja kwa uniti umemuongezea dola nne kila tani, na reli ni biashara ya ushindani, dola nne kwenye tani siyo hela ya kuchezea.

Na wakati huohuo EVRAZ walikuwa na jambo jingine kichwani. Makampuni ya reli ya Marekani yalikuwa yanataka reli ndefu. Reli ya kawaida kule ni futi 80, kama mita 24, halafu zinaunganishwa kwa kuchomelewa. Ukitaka kipande cha mita 400 kwa reli za mita 24 una maungio kama 16, ukipata reli za mita 100 maungio yanabaki matatu, na kila ungio ni mahali ambapo reli inaweza kuja kuvunjika, ni mahali pa kukagua, ni hela. Ila kutoa reli ya mita 100 kunahitaji kiwanda kipya, uwekezaji wa karibu dola milioni 500, na hiyo hela huiweki sehemu ambayo hujui umeme utauzwa bei gani miaka kumi ijayo. EVRAZ wakasema wazi kwamba wanaangalia na majimbo mengine yenye umeme wa bei nafuu. Kwa Pueblo, mji wa watu laki moja na kidogo ambao ulishaonja machungu ya miaka ya 80, hiyo ilikuwa habari nzito.

Hapo ndipo anaingia mchezaji wa tatu, makaa ya mawe. Jirani kabisa na kiwanda cha chuma kuna kituo cha kufua umeme kinaitwa Comanche, mali ya Xcel kwa sehemu kubwa, chenye mitambo mitatu. Wa kwanza na wa pili ni wa miaka ya 1970, kwa pamoja megawati 660, na wa tatu wa megawati 750 ulianza kazi 2010. Mwaka 2017 Xcel wakaja na mpango wa kuzima ile miwili ya zamani karibu miaka kumi kabla ya muda wake na kuweka upepo, jua na betri, hoja yao ikiwa kwamba hesabu zinaonyesha itakuwa nafuu zaidi. Tume ya jimbo inayosimamia makampuni ya umeme, yaani EWURA yao, ikapitisha mpango mwaka 2018.

Jiweke kwenye viatu vya meneja wa kiwanda. Unaambiwa mitambo ya makaa iliyo mlangoni kwako inazimwa, inakuja teknolojia mpya, na wewe ndo mlaji mkubwa kuliko wote kwenye mfumo, kama hesabu za Xcel zikienda kombo atakayeumia wa kwanza ni wewe. Kisiasa kiwanda kingeweza kabisa kupinga, na kingesikilizwa, maana ajira elfu moja pamoja na chama cha wafanyakazi wa chuma ni sauti kubwa. Badala ya kupinga wakatumia ile nafasi kudai walichokuwa wanakitaka tangu mwanzo, bei isiyoyumba. Yaani walikaa mezani wakati mwenzao anahitaji utulivu wao. Mi naona hii ndo hatua ya akili kuliko zote katika kisa kizima na ndo inayosahaulika, kwa sababu haina picha.

Matokeo yake ni mkataba wa pande tatu, na hapa twende taratibu.

Shamba la sola linaitwa Bighorn Solar. Megawati 300 zinazotajwa ni jumla ya paneli zenyewe, ila ukishabadilisha umeme kwenda ule wa gridi kupitia inveta kinachotoka ni megawati 240. Hii tofauti watu wanaipita haraka wakati ndo inayoamua transfoma na laini, ukiona tangazo la sola uliza ni namba ya paneli au ya inveta. Limekaa kwenye ardhi ya kiwanda chenyewe, ekari 1,800 hivi, ardhi ambayo kwa kiasi kikubwa ilikuwa imekaa tu. Aliyejenga na kutafuta hela, dola milioni 285, ni Lightsource bp, ambaye kazi yake ni kumiliki mashamba ya sola. Lilizinduliwa Oktoba 2021.

Sasa Lightsource bp hakiuzii kiwanda umeme. Shamba liko kwenye ardhi ya kiwanda, linaonekana kutoka madirishani kwao, lakini umeme wote ananunua Xcel kwa mkataba wa miaka 20. Halafu Xcel kwa upande mwingine ana mkataba wake na kiwanda, wa bei iliyokubaliwa mpaka mwaka 2041, uliopitishwa na tume. Colorado kampuni ya umeme ina eneo lake na ndani ya eneo hilo ni yeye tu anayeuza, huwezi kuvuta waya kutoka kwa jirani ukamlipa yeye. Kwa hiyo walichofanya siyo kumkwepa mwenye gridi, wamemuweka katikati.

Wengi wakisikia hivyo wanasema aah, kumbe ni changa la macho. Hapana, ni kinyume chake. Kumuweka mwenye gridi katikati ndo kumefanya dili liwezekane, na sababu ni mbili, usiku na mwenye kiwanda.

Tuanze na usiku. Sentensi inayosambaa ni kwamba jua linatosheleza zaidi ya asilimia 90 ya mahitaji ya umeme ya kiwanda, wengine wanataja 95. Ni kweli, ila ni kwa hesabu ya mwaka mzima. Unachukua uniti zote shamba linazozalisha Januari mpaka Desemba, unagawanya kwa uniti zote kiwanda kinazotumia, unapata asilimia yako. Haimaanishi kwamba saa nane usiku tanuru likiwa limewaka jua linachangia chochote. Kinachotokea ni kama daftari la Mangi, yule mwenye duka la mtaani, mchana unampelekea Mangi bidhaa nyingi kuliko unazohitaji, usiku unachukua dukani kwake, mwisho wa mwaka mnapiga mahesabu mnakuta mko karibu sawa. Mangi hapa ni Xcel, na duka lake lina upepo, gesi, makaa na jua la mashamba mengine.

Fanya hesabu ya haraka uone. Shamba la sola sehemu yenye jua zuri kama kusini mwa Colorado kwa mwaka linatoa wastani wa robo hadi asilimia 30 ya uwezo wake. Robo ya 240 ni 60, asilimia 30 ni 72. Yaani hili shamba lote la ekari 1,800 ukilisawazisha kwa saa zote za mwaka ni sawa na mtambo wa megawati 60 hadi 70 unaokwenda bila kuzima. Mchana wa saa sita jua likiwa kali linamwaga zaidi ya mara tatu ya hapo na kiwanda hakiwezi kuzimeza zote, ziada inakwenda kwa wateja wengine, Denver huko watu wanawasha viyoyozi. Jioni jua likizama kiwanda kinarudi kula kwa wengine. Na kiwanda cha chuma hakilali, tena wenye matanuru ya umeme kwa kawaida wanapenda kuyeyusha usiku maana ndo bei inashuka.

Ukitaka kujua ni ghali kiasi gani kubeba usiku mwenyewe, usiende mbali, angalia Kolwezi hapo Kongo kwa ndugu zetu wa Katanga. Mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula uliingia mkataba mwaka 2025 na CrossBoundary Energy wa kupata umeme wa jua wa mfululizo, usiku na mchana, wa megawati 30. Ili zipatikane hizo 30 zisizokatika mpango ni paneli za zaidi ya megawati 200 na betri za zaidi ya megawati-saa 500. Rudia kusoma hiyo, paneli karibu mara saba ya umeme unaoahidiwa, na betri juu yake. Kule Kolwezi wanafanya hivyo kwa sababu gridi haiaminiki, na mbadala wao ni jenereta za dizeli, kwa hiyo hata bei ya betri inalipa. Pueblo hawakuhitaji betri hata moja kwenye hili shamba kwa sababu Mangi alikuwepo, ana hela, na duka lake halifungwi.

Kuna na suala la ubora wa umeme ambalo wasimulizi wa kisa hiki huwa hawaligusi. Tanuru la umeme ni mlaji mkorofi. Vile vijiti vinaposhuka kwenye vyuma chakavu vya baridi, chuma kinaanguka, mkondo unapanda ghafla, unakatika, unarudi, sekunde chache megawati kadhaa zinaruka juu na chini, na ukiwa karibu na gridi dhaifu taa za majirani zinapepesa. Ili kuumeza huo mshtuko unahitaji gridi yenye nguvu, yenye mashine kubwa za kuzunguka, na viwanda hivi kwa kawaida vinafunga vifaa maalumu vya kutuliza volteji. Inveta za sola za kawaida zinafuata volteji iliyopo, hazikujengwa kuishika gridi wakati mtu anaipiga ngumi. Pale Pueblo mashine za kuzunguka ziko jirani tu, Comanche. Kwa hiyo kiwanda maarufu kwa jua kimekuwa salama kwa sehemu kwa sababu kuna rota kubwa, yaani hiyo mashine ya kuzunguka, ya makaa inazunguka ng'ambo. Sisemi hili kuwakebehi, nasema kwa sababu kuna watu wanataka kuiga shamba na kusahau rota.

Na hiyo Comanche yenyewe ina vituko. Ule mtambo wa tatu, mpya, uliogharimu zaidi ya dola bilioni moja, mwaka 2020 ulikaa nje karibu mwaka mzima kwa hitilafu, na tume ikafanya uchunguzi. Mtambo wa kwanza ukazimwa mwisho wa 2022 kama ilivyopangwa. Wa pili ulikuwa uzimwe mwisho wa 2025, lakini mwaka huohuo wa tatu ukaharibika tena, ikabidi ule mzee wa 1975 uongezewe mwaka mmoja. Watu wanaosema jua haliaminiki na makaa ndo ya uhakika wakaangalie rekodi ya Comanche 3. Jua la Pueblo angalau unajua saa linapozama.

Sababu ya pili niliyosema ni mwenye kiwanda. Februari 2022, miezi minne tu baada ya uzinduzi, Urusi ikaivamia Ukraine. Machi Uingereza ikamwekea Abramovich vikwazo, Mei ikaiwekea vikwazo EVRAZ yenyewe, na Agosti mwaka huo kampuni ikatangaza inatafuta mnunuzi wa biashara zake za Amerika Kaskazini. Fikiria sasa we ndo benki uliyekopesha hela ya shamba la sola na mteja wako wa miaka 20 ni kampuni ambayo mzazi wake kawekewa vikwazo. Usingizi ungeupata wapi?

Lakini mkataba wa Lightsource bp haukuwa na EVRAZ. Ulikuwa na Xcel, kampuni inayokusanya bili kwa zaidi ya wateja milioni moja Colorado. Kiwanda kingefungwa kesho yake Xcel angeendelea kununua umeme uleule na kuuza kwingine. Ndo maana jua liliendelea kuzalisha kama kawaida wakati kiwanda kikikaa sokoni karibu miaka mitatu, mpaka 2025 kiliponunuliwa na Atlas Holdings, kampuni ya uwekezaji ya Marekani. Na kwa mnunuzi nafikiri ule mkataba wa bei mpaka 2041 ulikuwa mali kuliko hata baadhi ya mashine, maana unanunua kiwanda cha chuma huku ukijua gharama yako ya umeme kwa miaka 16 mbele. Wangapi wana hiyo?

Pamoja na sifa zote hizo kuna upande unaonikera, na ni wa wananchi wa pale. Ile nyumba iliyo mtaa wa pili kutoka kiwandani haipati umeme kutoka Xcel. Mji wa Pueblo unahudumiwa na kampuni nyingine, Black Hills Energy, na watu wa pale wamelalamika miaka na miaka kwamba bili zao ni kubwa. Kwa hiyo mama anayekaa karibu na uzio anaziona paneli, anapumua hewa ya Comanche, mumewe labda anafanya kazi kwenye tanuru, ila umeme wa nyumbani unatoka kwa muuzaji mwingine kabisa kwa bei nyingine kabisa. Mwaka 2020 suala likapelekwa kwenye kura, je mji uvunje mkataba na Black Hills uanzishe shirika lake wenyewe la umeme, na wapiga kura wakakataa kwa kishindo, hofu ikiwa gharama ya kuununua mtandao na madeni yake. Huwezi kuwalaumu. Ila ukweli unabaki palepale, mlaji mkubwa alipata meza ya kukaa na bei ya miaka 20, mlaji mdogo alipata karatasi ya kura yenye majibu mawili, na yote mawili yana maumivu.

Na lingine linalohusu wananchi, ila hawa ni wale wa upande wa Xcel. Ukimpa mteja mkubwa bei iliyofungwa mpaka 2041 na gharama halisi zikapanda, tofauti inakwenda wapi? Ama kwa wenye hisa wa Xcel ama kwa wateja wengine, hakuna mlango wa tatu. Hoja ya upande wa pili nayo ina uzito, kwamba kiwanda kikiondoka gharama za mtandao alizokuwa anabeba mlaji mkubwa zinagawanywa kwa waliobaki, kwa hiyo bora abaki hata kwa bei ya chini kidogo. Mi nakubaliana na hoja hiyo kwa masharti, kwamba bei aliyopewa isishuke chini ya gharama ya kumhudumia, na hilo ndo kazi ya tume kulikagua, siyo mara moja wakati wa kusaini, bali kila mara gharama zinapofunguliwa upya.

Sasa kwa wenzangu wa huku wenye viwanda vya nondo na saruji wanaouliza kama hili linawezekana kwetu. Sola ya juu ya paa au uwanjani kwako, nyuma ya mita, yaani umeme unaoutumia mwenyewe kabla ya kununua wa gridi, hiyo watu wanafanya tayari Kenya na Tanzania na haihitaji ujuzi wa Pueblo. Ila hiyo inapunguza bili ya mchana, basi. Tanuru la kuyeyusha halimo humo. Ukitaka shamba la ukubwa unaolingana na matumizi yako ya mwaka mzima, lazima awepo mtu wa kupokea ziada yako mchana na kukurudishia usiku, na mtu huyo ni shirika la umeme la taifa. Kwa Tanzania upande wa jua ndo kwanza tunaanza, Kishapu kule Shinyanga ni mradi wa megawati 150 na awamu yake ya kwanza ni 50, unaingia kwenye gridi ya taifa kwa ajili ya wote. Ila maji tunayo. Bwawa linaweza kufanya kazi ya Mangi vizuri kuliko makaa, maana maji unayafungia mchana jua likiwaka na kuyaachia usiku, na rota zake zinazunguka pia. Kwa hiyo siyo kwamba hatuna vipande, vipande tunavyo. Ambacho sijakiona ni mkataba ambao shirika linamwambia mwenye kiwanda, leta mwekezaji wako ajenge, mimi nanunua vyote, nakuuzia wewe bei hii mpaka mwaka fulani, na usiku ni juu yangu kwa gharama hii iliyoandikwa. Hiyo gharama ya usiku ikishaandikwa kwa namba mazungumzo yanakuwa ya watu wazima, bila hiyo kila upande unadhani mwenzake anamuibia.

Tukirudi Pueblo, kisa bado hakijaisha, na sehemu ngumu nadhani ndo inakuja. Comanche 3 imepangiwa kuzimwa ifikapo Januari 2031. Xcel walikubali kuendelea kulipa kodi ya majengo ambayo Pueblo ingeikosa, mpaka 2040, kwa hiyo bajeti za shule na kaunti zimepewa muda wa kupumua. Lakini bei ya kiwanda imefungwa mpaka 2041. Hesabu mwenyewe, ni miaka kumi ambayo tanuru litakuwa linapiga gridi ngumi bila ile rota kubwa ya jirani, na usiku wake utabebwa na upepo wa mashariki mwa Colorado, betri, gesi, na chochote kingine Xcel atakachokuwa amejenga. Akifanikiwa kuishika volteji na bei ileile ndani ya hiyo miaka kumi, ndo hapo nitakubali mtu aniambie kuna kiwanda cha chuma kinaendeshwa na jua. Kwa sasa kuna kiwanda cha chuma chenye mkataba mzuri sana.